AP, kozi za chuo ukiwa bado haiskuli, au early college? Ulinganisho kwa wazazi waswahili tulioko Marekani

Huu ndo msimu wa zile fomu. Kuanzia mwezi wa kwanza mpaka wa tatu hivi shule nyingi za huku Marekani zinawapa watoto fomu ya kuchagua masomo ya mwaka ujao, mtoto anakuja nayo nyumbani, we ndo umetoka zamu ya usiku macho mazito, anakwambia mama weka saini hapa, unaweka, yameisha, hujui hata umesaini nini. Mimi kazi yangu ni kuwaunganisha wazazi na shule kwenye wilaya moja ya huku Midwest, wengi ninaokaa nao ni wakongomani na warundi, wabongo na wakenya wachache, na swali linalorudi kila mwaka msimu huu ni hili: wanasema mwanangu anaweza kuanza chuo kabla hajamaliza haiskuli, tena bure, hivi ni kweli au ni wale matapeli wa kwenye simu?

Ni kweli kabisa wala sio jambo la watoto wachache. Mwaka wa masomo 2022-23 walihesabiwa wanafunzi karibu milioni 2.5 wa haiskuli waliokuwa wanachukua angalau kozi moja ya chuo. Shida ni kwamba njia ziko kadhaa, majina yote ni ya kiingereza, kila shule inaisifia ile iliyonayo, na kaunsela mmoja ana watoto mia kadhaa kwa hiyo hawezi kukaa na wewe saa nzima akakuchambulia. Ngoja nikuchambulie mimi, na msimamo wangu nautoa mapema ili usiutafute katikati ya maneno: kwa watoto wetu wengi, nasema wengi sio wote, kozi moja au mbili za komyuniti koleji (vile vyuo vya umma vya miaka miwili) kwa muhula ni chaguo zuri kuliko AP, kila moja nitaieleza hapo chini, na kama mtoto bado yuko gredi ya 8 basi angalia early college kabla ya kitu kingine chochote.

Vitu vyenyewe ni vipi

AP, kirefu chake Advanced Placement, ni masomo mazito yanayofundishwa humohumo haiskuli, mtaala unatoka College Board, shirika linaloendesha hii mitihani, mwaka mzima unasoma halafu mwezi wa tano unakaa mtihani mmoja wa nchi nzima, unapewa alama 1 mpaka 5 na matokeo yanatoka mwezi wa saba. Kwa mtu aliyesoma nyumbani hii haihitaji maelezo marefu, ni mambo ya necta, au KCSE, au exetat kwa wakongomani, unaweza ukawa kinara darasani mwaka mzima ukaamka na malaria siku ya mtihani ikawa imekula kwako. Ukipata A darasani lakini 2 kwenye mtihani, haiskuli wanakupa A yako, chuo hakikupi kitu.

Kozi za chuo ukiwa haiskuli, kwenye fomu utaona wameandika dual enrollment au dual credit au concurrent, inategemea jimbo, hizo ni kozi za chuo halisi, chuo kinakusajili, unapewa namba ya mwanafunzi, na alama unayopata inaandikwa kwenye transkripti, yani rekodi ya alama, ya chuo na ya haiskuli pia. Hapa hamna mtihani mmoja wa kufa na kupona, kuna kwizi, insha, maabara, mtihani wa katikati na wa mwisho, vyote vinajumlishwa. Na ziko za aina mbili na watu wanazichanganya sana: kuna ile mwalimu wa haiskuli aliyeidhinishwa na chuo anaifundisha palepale shuleni, na kuna ile mtoto anaenda mwenyewe chuoni (au anasoma mtandaoni) anakaa darasa moja na watu wazima wenye watoto wao. Hizi mbili kredi (zile pointi za kozi zinazohesabiwa kwenye digrii) ni zilezile, maisha ni tofauti kabisa, nitarudi hapo.

Early college sio kozi, ni shule nzima. Mtoto anaingia gredi ya 9, mara nyingi shule yenyewe iko ndani ya kampasi ya chuo au jirani yake, na ratiba imepangwa tangu siku ya kwanza ili amalize na diploma ya haiskuli pamoja na kredi nyingi za chuo, wengine wanatoka na digrii ya miaka miwili kabisa, yani kredi 60. Texas wanazo nyingi, North Carolina ndo usiseme, na nyingine za North Carolina zinampa mtoto mwaka wa tano wa kumalizia.

Halafu kuna CLEP, ambayo shule nyingi hazikutajii. Ni mitihani tu, hamna darasa, unajisomea popote unaenda kituo cha mtihani ukipita unapata kredi. Nitaieleza mwishoni maana ina utamu wake kwa watoto wanaojua kifaransa.

IB (International Baccalaureate, mtaala mwingine wa kimataifa) nairuka makusudi. Ni nzuri lakini ni shule chache zinayo na anayeisoma kawaida yuko ndani ya mfumo tayari.

Zilitoka wapi, na kwa nini inakuhusu

Hili jambo wazazi huwa hawaambiwi na mimi naona linabadilisha mawazo ya mtu. AP ilizaliwa miaka ya 1950 kutoka kwa shule za matajiri, Andover, Exeter na Lawrenceville wakishirikiana na Harvard, Yale na Princeton, walikuwa wanawaza vijana wao wenye akili wanaofika chuo na kurudia vitu walivyoshasoma, College Board ikaichukua mwaka 1955. Siku hizi iko kila mahali na watoto wa kawaida wanaichukua, lakini umbo lake ni lilelile: mtihani mmoja, muda mfupi, unaandika haraka, kwa kiingereza cha mtu aliyezaliwa nacho.

Sasa ile nyingine. Mwaka 1974 pale LaGuardia Community College, Queens, New York, kulikuwa na mwalimu wa saikolojia anaitwa Janet Lieberman, yeye alianzisha Middle College High School, haiskuli ndani ya chuo, na hakuwachukua vipanga. Aliwalenga watoto waliokuwa wanaelekea kuacha shule. Wazo lake lilikuwa kwamba mtoto anayeboreka na kudharauliwa haiskuli, ukimweka kwenye kampasi kati ya watu wazima wanaosoma kwa shida zao, atajiona mtu mzima na atabaki. Early college za leo ni watoto na wajukuu wa ile shule. Mwaka 2002 Bill Gates na mfuko wake wakamwaga pesa zikasambaa nchi nzima, na watafiti wa American Institutes for Research walikuja kuwafuatilia watoto walioingia hizi shule kwa bahati nasibu wakawalinganisha na walioomba wakakosa bahati nasibu hiyohiyo, walioingia walikwenda chuo kwa wingi zaidi na kupata digrii kwa wingi zaidi. Bahati nasibu ndo inafanya huo utafiti uwe na uzito, maana huwezi kusema ah hao walikuwa na akili tangu zamani.

Kwa hiyo mzazi akiniambia mwanangu sio kipanga mambo ya chuo mapema sio yake, namjibu mama hii kitu ilitengenezwa kwa ajili ya mwanao hasahasa.

Pesa

AP: darasa bure, mtihani karibu dola 100 kila somo, familia ya kipato cha chini inapunguziwa na majimbo mengi yanamalizia kilichobaki. Angalizo ni moja: shule inaagiza mitihani mwezi wa 11, sio mwezi wa tano, ukichelewa kujiandikisha kuna faini ya dola 40 na ukijiandikisha usipotokea pia unalipa. Mtoto anasahau kukwambia mwezi wa 11, mwezi wa tatu ndo anakumbuka.

Kozi za chuo: hapa ndo jimbo lako linaamua, na tofauti ni kubwa kweli. Minnesota ndo walianza, sheria yao ya PSEO ni ya mwaka 1985 enzi za gavana Rudy Perpich, na mpaka leo ada, michango na vitabu vyote ni bure kwa gredi ya 11 na 12, vitabu unavirudisha tu, na familia yenye kipato kidogo inaweza kurudishiwa nauli. Ohio inaitwa College Credit Plus, ilianza 2015, inaruhusu mpaka gredi ya 7, kwenye vyuo vya umma ni bure pamoja na vitabu, lakini mtoto akifeli au akiacha kozi baada ya muda kupita wilaya inaweza kukudai gharama (familia ya kipato cha chini wana kinga hapo, uliza). Washington inaitwa Running Start, ada hamna ila michango na vitabu ni juu yako, kipato cha chini unasamehewa michango. Texas kila wilaya na chuo chake walikuwa wanakubaliana wenyewe, mpaka sheria ya 2023 ilipoleta mpango unaitwa FAST, mtoto anayestahili chakula cha bure shuleni anasoma kozi hizo bila kulipa kwenye vyuo vilivyojiunga. Kuna majimbo mengine unalipa nusu, kuna mengine unalipa yote. Usichukue habari ya shemeji yako wa Texas ukaitumia Kentucky.

Early college: bure. Basi.

Gharama ambayo haiandikwi popote ni basi na chakula. Mtoto akienda kampasi saa nne asubuhi basi la njano halimfuati, na kile chakula cha mchana cha bure kimebaki haiskuli. Nilimuona kijana mmoja alikuwa anapanda mabasi mawili ya jiji kwenda kozi ya saa mbili na nusu, akimaliza anarudi haiskuli kwa kipindi cha sita, katikati hapo anakula biskuti za kwenye mashine, na mwezi wa 11 baridi ya huku unaijua. Hakufeli, ila muhula wa pili tulimtafutia kozi hiyohiyo inayofundishwa ndani ya shule. Kwa hiyo kabla hujaangalia kozi ipi, angalia ramani ya basi.

Kredi zinakwenda wapi

Hapa ndo pa kukaa kitako, maana kredi isiyopokelewa ni karatasi tu.

Kama mtoto ataenda chuo kikuu cha umma cha jimbo lenu, kozi za komyuniti koleji za jimbo hilohilo karibu kila mara zinaingia, kwa sababu vyuo vya umma vina makubaliano ya kuhamisha kozi. Minnesota kuna mkusanyo wa kredi 40 kwenye maeneo 10 ya masomo, ukimaliza chuo cha pili cha umma kinaupokea mzima mzima. California wana tovuti ya ASSIST inaonyesha kozi hii ya hapa ni kozi ipi kule. Majimbo mengi mengine mnatumia Transferology, unaandika kozi, unaona nani anaipokea. Dakika kumi tu, mwambie mtoto akae na wewe mfanye pamoja.

Kama ataenda chuo binafsi au jimbo lingine, mambo yanageuka. Hapo AP ina nguvu zaidi, kwa sababu 4 au 5 ya AP inaeleweka sawa Boston na San Diego, wakati Utunzi wa Kiingereza wa koleji yenu ya mjini hawaijui. Vyuo binafsi vingi vikubwa vinasema kozi iliyohesabika kwenye diploma ya haiskuli hatuihesabu tena. Lakini hata AP sio tiketi ya kila mlango, Dartmouth kwa mfano waliacha kutoa kredi za AP kuanzia darasa la kuhitimu 2018, wanaitumia tu kukupanga daraja la juu. Na kwenye vyuo vya umma, majimbo kama Ohio na Texas yana sheria kwamba alama 3 inapewa kredi, wakati chuo binafsi jirani kinataka 4 au 5.

Sasa kuna kosa linalofanyika kimyakimya, kukusanya kredi hovyo. Mtoto ana kredi 30, familia inafurahi mwaka mzima umeokolewa, anafika chuo kikuu kusoma uhandisi wanamwambia 18 kati ya hizo ni za kujaza tu, miaka yako minne iko palepale kwa sababu hesabu zinafuatana hatua kwa hatua na wewe hujaanza hata calculus. Kredi inayookoa muda ni ile iliyoko kwenye njia ya digrii yake.

Chukua nesi, maana najua nusu ya mabinti zetu wanataka unesi na mama zao wengi tayari ni CNA, wasaidizi wa manesi. Program za unesi zinadai Utunzi wa Kiingereza, Saikolojia, Takwimu, Kemia, Anatomia na Fiziolojia. Takwimu na Saikolojia anaweza kuvuna kwa AP au kwa kozi ya chuo, vyovyote. Kiingereza achukue kozi ya chuo. Lakini Anatomia mimi huwa nashauri waiache, kwanza AP Biology kawaida haisimami badala yake, pili program nyingi zinaangalia alama ya sayansi kwa jicho kali na C ya ukiwa na miaka 16 inaweza kukufungia mlango ukiwa na 19, tatu program nyingi zinataka kozi za sayansi ziwe za miaka ya karibuni, ukikaa sana zinachacha unarudia.

Na jambo moja watu wanaliogopa bure: kuwa na kredi 60 hakumfanyi mtoto awe mwanafunzi wa kuhamia, kama amezipata kabla ya kumaliza haiskuli kawaida bado anaomba kama wa mwaka wa kwanza na skolashipu za mwaka wa kwanza anazipata. Ila akishamaliza haiskuli halafu akachukua kozi za kiangazi mahali pengine, baadhi ya vyuo wanabadilisha hesabu, muulize kwanza mtu wa udahili.

Transkripti haifutiki

Ukipata 1 kwenye AP unaikausha, huitumi, hakuna atakayejua. Ukipata F kwenye kozi ya chuo, hiyo F ni ya chuo. Iko pale. Akiomba chuo chochote baadaye ataulizwa umewahi kusoma chuo gani, lazima ataje, na akifika kuomba msaada wa serikali wa kulipia chuo, vyuo vinapima maendeleo yake, wengi wanataka wastani wa 2.0 na uwe umemaliza karibu asilimia 67 ya kredi zote ulizojaribu, na zile za haiskuli zinaweza kuhesabiwa humo. Yani mtoto anaweza kuanza chuo rasmi siku ya kwanza tayari yuko kwenye onyo. Hii ndo sababu moja kubwa ya kuipa AP maksi, ni salama kufeli.

Ndo maana nasema moja au mbili, sio nne. Na ndo maana ile tarehe ya mwisho ya kuacha kozi iandikwe kwenye kalenda ya jikoni, maana ukiacha mapema kozi inafutika kabisa, ukiacha baadaye inabaki W (alama ya kujiondoa), ukichelewa zaidi inabaki F.

Halafu wazazi, hili litawauma. Kwenye rekodi za chuo haki zinahamia kwa mwanafunzi, hata kama ana miaka 16, ni sheria ya FERPA ya mwaka 1974. Mama mmoja tulikwenda naye mpaka dirishani chuoni kuuliza alama za mwanae, yule dada wa dirishani akamwambia kwa upole kabisa siwezi kukuambia, yule mama akanigeukia akasema kwa kiswahili, mwambie mimi ndo nimemzaa. Nikamwambia dada anajua mama, ila sheria. Suluhisho ni dogo, kuna fomu ya ruhusa mtoto anaisaini, mwambie aisaini wiki ya kwanza kabla hajaanza kuficha mambo.

Jingine ni ukalimani. Watoto wetu ndo wakalimani wa nyumba nzima, hospitali, ofisi ya msaada, benki. Mwalimu wa haiskuli akisikia ulikuwa umempeleka mama hospitali anakuongezea siku. Profesa wa chuo kaandika kwenye silabasi kwizi inafungwa Jumapili saa tano na dakika 59 usiku, mfumo unajifunga wenyewe, hakuna wa kumbembeleza. Kwa hiyo kama unamchagulia mtoto kozi za kampasi, omba mkalimani wa hospitali, ni haki yako na ni bure, mwache mtoto asome.

Waliofika juzi, na wenye kifaransa

Mtoto aliyetoka kambini, Nyarugusu au Kakuma au Nakivale, akiwa na miaka 16, bado yuko kwenye madarasa ya kiingereza, yeye afanye nini? AP za kusoma na kuandika sana kama Historia zitamvunja moyo. Vyuo vingi vinatumia mtihani wa kupima kabla ya kukusajili, Accuplacer kwa majimbo mengi, Texas wana TSIA2, na kiingereza ndo kinawakwamisha, ila hesabu wengi wanapita vizuri tu kwa sababu hesabu za nyumbani zilikuwa ngumu. Aanze na kozi ya hesabu ya chuo, au ya ufundi, magari, uchomeleaji, usaidizi wa uuguzi. Minnesota kwa mfano gredi ya 10 wanaruhusiwa kuanza na kozi moja ya ufundi. Kwanza lakini hakikisheni diploma inakwenda sawa, mtoto aliyekuja na miaka 17 na hana kredi za haiskuli za kutosha asikimbilie chuo akasahau historia ya Marekani na serikali, zinadaiwa.

Sasa kifaransa. Wakongomani na warundi waliosoma kwa kifaransa wana hela wamekalia. Kuna AP French, inadai kuandika na kuongea, 4 au 5 inaheshimika kila mahali. Na kuna CLEP French, hiyo ni kusikiliza na kusoma tu, kuchagua majibu, huandiki hata sentensi, ada yake haifiki dola 100 ukiacha ya kituo cha mtihani, na kuna shirika linaitwa Modern States linatoa masomo ya bure ya kujiandaa na vocha ya kulipia mtihani. Mapendekezo ya kitaifa ni kredi 6 kwa alama 50, ukipanda juu zaidi zinaongezeka, chuo chako ndo kinaamua mwishoni. Kwa mtoto anayeelewa kifaransa cha baba yake cha kila siku lakini hajakiandika tangu darasa la nne, CLEP. Kwa aliyefika humanités, yani sekondari ya juu ya kwao, AP. Vyuo vikubwa vyenye majina vingi havipokei CLEP, vya umma vingi vinapokea.

Kiswahili hakina AP wala CLEP, lakini majimbo mengi yana Seal of Biliteracy, mtoto anapimwa kiswahili anapewa muhuri kwenye diploma, na Minnesota sheria inavitaka vyuo vya mfumo wa Minnesota State vitoe kredi za lugha kwa muhuri huo. Shule nyingi hawaitangazi kwa waswahili, wanadhani ni ya kihispania tu. Uliza kwa kiswahili chako chote.

Haya, nani achukue nini

Mtoto wa gredi ya 8, kuna early college inayofikika kwa basi: omba, hata kama hana A zote. Anachokosa ni mpira na bendi na ule ukubwa wa haiskuli ya kawaida, nyingi hazina timu, na kwa kijana mwingine hiyo ni sababu ya kukataa kabisa, msimlazimishe. Maombi kawaida yanafungwa katikati ya mwaka wa gredi ya 8, wengi wetu tunakuja kusikia akiwa gredi ya 10, imekwisha hiyo.

Gredi ya 11, atasoma chuo cha umma karibu na nyumbani, kiingereza kimekaa: kozi za chuo, na kama una chaguo aanze na ile inayofundishwa ndani ya haiskuli, muhula unaofuata aende kampasi. Anayejua yuko vizuri sana kwenye mitihani na analenga vyuo vya mbali vyenye msaada mkubwa wa pesa: AP, na achanganye na kozi ya chuo moja ya hesabu akishamaliza hesabu zote za shule. Uhandisi: AP Calculus kama shule inayo, mwalimu akiwa mzuri, waulize watoto wa mwaka jana walipata ngapi. Hilo swali la mwisho ni muhimu kuliko jina la kozi, kuna madarasa ya AP ambayo darasa zima linapata 1 na 2 na mwakani wanafungua tena.

Na shule ina mtu wake. Sio kaunsela wa kawaida kila mara, wilaya nyingi zina mratibu wa hizi kozi za chuo, na chuo nacho kina mtu wake wa upande wa haiskuli, mkipata hao wawili mmemaliza nusu ya kazi. Wale ninaowajua mimi wanafurahi mzazi akija, hawaoni wengi wa kwetu. Nenda na mkalimani, shule inatakiwa kukutafutia, na uliza: kozi hii inahesabika kwenye diploma? Inaingia chuo kikuu cha jimbo kwenye digrii anayotaka? Nani analipa akifeli? Mwisho wa kuacha ni lini?

Tarehe za kushika: Ohio taarifa ya nia ya kuchukua hizi kozi za chuo ni tarehe 1 mwezi wa nne. Minnesota mwambie wilaya kufikia tarehe 30 mwezi wa tano kwa muhula unaofuata. AP ni mwezi wa 11 kama nilivyosema. Fomu ya Minnesota ina sehemu ya mwanafunzi na mzazi, sehemu ya shule na sehemu ya chuo, kwa hiyo inazunguka mikono mitatu, usiipeleke wiki ya mwisho ya mwezi wa tano wakati makaunsela wako kwenye mahafali na simu hazipokelewi.